Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupata omu na wati kutokana na volti na ampea

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu mwenye kifaa mezani, mita mkononi na tarakimu zisizokubaliana. Mifano mingi ni ya umeme wa nyumbani, 230 V kwa Tanzania na 240 V kwa Kenya, na mingine ni ya sola na gari.

Kanuni zenyewe ni zipi?

Gawanya upate omu, zidisha upate wati:

R = V ÷ I
P = V × I

R ni ukinzani kwa omu (Ω), V ni volti, I ni mkondo kwa ampea, P ni nguvu kwa wati. Zile nyingine mbili, P = I × I × R na P = V × V ÷ R, ni hizo hizo zilizogeuzwa, na hutumika pale unapokosa tarakimu moja.

Mfano: birika la umeme linachemsha, soketi inasoma 228 V, mkondo ni 8.6 A. Ukinzani wake ni 228 ÷ 8.6 = 26.5 Ω. Nguvu yake ni 228 × 8.6 = 1,961 W.

Hesabu yenyewe ni ya darasani. Wanaokosea hukosea kabla ya kushika kikokotoo. Volti unazoingiza ziwe zile zilizo kati ya ncha mbili za kitu hicho hicho ambacho umepima ampea zake, na zipimwe kwa wakati mmoja, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Volti za soketi tupu zikichanganywa na ampea za lebo zitakupa omu za kitu kisichokuwepo. Karibu kila swali linalofuata linarudi hapo.

Nimepata omu 11,500 kwa taa ndogo. Inawezekana?

Inawezekana, lakini kwanza angalia kama uligeuza miliampea kuwa ampea. 20 mA ni 0.02 A. Ukigawanya 230 kwa 20 unapata 11.5, nayo ni makosa. Ukigawanya kwa 0.02 unapata 11,500 Ω, na hiyo ndiyo sahihi.

Balbu ya 60 W kwa hesabu ni omu 880, lakini mita inasoma chini ya 100. Nani anadanganya?

Hakuna. Hesabu yako, 230 × 230 ÷ 60 = 882 Ω, ni ya uzi unaowaka. Uzi wa balbu ya zamani ni tungsteni, na ukiwaka hufikia kama nyuzi 2,500 za selisiasi. Chuma hicho kikiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi hadi moja ya kumi na tano ya ule wa moto. Mita yako inapima uzi uliolala. Ndiyo maana pia balbu hizi hupenda kukatika wakati wa kuwashwa: kwa nukta (sekunde) ya kwanza mkondo huwa mkubwa mno, kisha hushuka uzi ukipata joto. Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha kanuni hii mwaka 1827, alishughulika na metali ambazo joto lake halibadiliki. Sharti hilo husahauliwa sana.

Kwa koili za jiko, pasi na birika mambo ni mepesi. Waya wake ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao ukinzani wake hubadilika asilimia chache tu ukipata moto. Birika la 2,000 W likiwa baridi litakusomea karibu 26 Ω. Likisoma 40, kuna maungio mabovu ndani. Likisoma OL, yaani mita haioni njia, koili au swichi ya joto imekatika.

Tahadhari moja kwa omu ndogo: nyaya za mita zenyewe zina ukinzani, mara nyingi 0.2 hadi 0.5 Ω. Gusanisha ncha zake, soma, kisha utoe hiyo kwenye jibu. Kwenye 26 Ω haina maana, kwenye 1 Ω inavuruga kila kitu.

Kwa nini lebo imeandikwa "220–240 V, 1850–2200 W"? Ni wati ngapi hasa?

Lebo hiyo ni hesabu nzuri ya kufanyia mazoezi. Chukua ncha ya chini: 220 × 220 ÷ 1850 = 26.2 Ω. Chukua ya juu: 240 × 240 ÷ 2200 = 26.2 Ω. Koili ni ile ile moja, na wati zinafuata volti unazoipa. Kwa 230 V itakula 230 × 230 ÷ 26.2, yaani kama 2,020 W.

Umeme ukiwa mdogo jioni, kifaa kinatumia wati pungufu au zaidi?

Inategemea ni kifaa gani.

Vyenye koili hupungukiwa, tena kwa kasi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu volti zinazidishwa kwa zenyewe. Birika la 2,000 W kwa 230 V likipata 180 V litatoa 180 × 180 ÷ 26.45 = 1,225 W. Volti zimepungua asilimia 22, nguvu imepungua karibu asilimia 39. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 kunahitaji kama jouli 470,000. Kwa 2,000 W ni dakika 4, kwa 1,225 W ni zaidi ya dakika 6, bila kuhesabu joto linalopotea hewani. Birika halijaharibika.

Chaja za simu, kompyuta na taa nyingi za LED zenye sakiti ndani hufanya kinyume: hujitahidi kubaki na wati zile zile, hivyo volti zikishuka huvuta ampea zaidi. Kuvigawanyia V kwa I ili kupata "omu za chaja" ni kujisumbua, kwa kuwa jibu linabadilika kila volti zinapobadilika.

Mota ya friji au pampu ndiyo inayoumia. Ikishindwa kuzunguka kwa volti ndogo hukaa pale pale ikivuta mkondo wa kuanzia, na waya wake huungua.

Nipimeje volti na ampea bila kuunguza mita?

Volti hupimwa kwa kuweka ncha mbili pembeni ya mzigo, yaani kifaa kinachotumia umeme, kila moja upande wake. Mita iwe kwenye V~ kwa umeme wa nyumba, na V yenye mstari mnyoofu kwa betri na sola.

Ampea hupimwa kwa kuikata njia na kuipitisha mita katikati, mkondo wote upite ndani yake. Kosa linaloua mita nyingi ni hili: mtu amemaliza kupima ampea, waya mwekundu umebaki kwenye tundu la 10 A, halafu anachomeka ncha zote mbili kwenye soketi "apime volti". Tundu la 10 A ndani yake ni kama kipande cha waya mnene, ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya omu. 230 V juu ya ukinzani huo ni shoti kamili. Mita nzuri itakata fyuzi. Ile ya bei ya chini isiyo na fyuzi kwenye tundu hilo inaweza kukulipukia usoni.

Kwa umeme wa ukutani tumia mita ya kukaba, ile yenye taya zinazozunguka waya bila kuukata. Inakaba waya mmoja tu, laivu au nyutro. Ukikaba kebo nzima mikondo miwili inayokwenda kinyume hufutana na mita inasoma sifuri, halafu mtu anasema kifaa hakitumii umeme. Tengeneza ekstensheni fupi ambayo ganda lake la nje limechanwa kidogo ili nyaya za ndani zitenganishwe, ngozi ya kila waya ikiwa salama. Kwa mkondo mdogo, zungusha waya mara 10 kwenye taya za mita kisha gawanya jibu kwa 10.

Omu hupimwa kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa. Kuzima swichi hakutoshi.

Kazi ya ndani ya ukuta au kwenye meni swichi mwachie fundi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na mamlaka za kudhibiti nishati: Tanzania ni EWURA, Kenya ni EPRA.

Sina mita ya kukaba. Naweza kujua wati kwa njia nyingine?

Unaweza, kwa mita ya LUKU au ya tokeni iliyopo ukutani. Itafute taa ndogo inayopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani idadi ya mapepeso kwa kila yuniti moja ya umeme. Zima kila kitu isipokuwa kifaa unachokichunguza, kisha hesabu nukta kati ya pepeso moja na jingine.

Wati = 3,600,000 ÷ (namba ya imp × nukta)

Mita ya 1000 imp inayopepesa kila baada ya nukta 4 inaonyesha 3,600,000 ÷ 4,000 = 900 W. Hesabu mapepeso kumi kisha gawanya muda wote kwa kumi, kidole hakichelewi sana. Njia hii ina faida moja juu ya V × I: kwa friji na mota inatoa wati za kweli zinazolipiwa.

Koili ya jiko ilikatika, nikaiunganisha. Sasa linawaka sana na halidumu. Kwa nini?

Kwa sababu umeifupisha. Jiko la 1,000 W kwa 230 V lina 52.9 Ω. Tuseme umetupa sehemu moja ya tano iliyoungua. Zimebaki 42.3 Ω. Mkondo umepanda kutoka 4.35 A hadi 5.43 A, na nguvu ni 230 × 230 ÷ 42.3 = 1,250 W. Wengi huishia hapo na kufurahi kwamba jiko limepata nguvu. Lakini hizo 1,250 W sasa zinatoka kwenye waya ulio asilimia 80 ya ule wa zamani, kwa hiyo kila sentimita inabeba joto mara 1.56 ya awali. Itakatika tena, na ukiifupisha tena itakatika upesi zaidi.

Kuivuta koili ili ijaze nafasi hakurudishi omu zilizotupwa. Tena pale ulipopasokota maungio yana ukinzani wake, na ndipo panapokuwa pekundu kwanza. Koili mpya ni rahisi kuliko plagi iliyoyeyuka. Ukienda kuinunua nenda na mita, koili ya 1,000 W isome kati ya 50 na 55 Ω.

Soketi inapata moto hadi plastiki inayeyuka, lakini breka haikatiki. Breka ni mbovu?

Breka ni nzima. Breka na fyuzi huangalia ampea, na ampea hazijazidi.

Hesabu iko hivi. Skrubu imelegea nyuma ya soketi, pale mguso umekuwa na nusu omu tu. Hita inavuta 10 A. Joto linalozaliwa kwenye skrubu hiyo ni 10 × 10 × 0.5 = 50 W. Hiyo ni pasi ndogo ya kuchomea risasi, imefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki. Kwa upande wa mkondo, njia nzima imeongezewa nusu omu juu ya omu 23 za hita, kwa hiyo ampea zimepungua kidogo. Breka inaona mzigo mwepesi kuliko jana.

Kuiwinda skrubu hiyo ndipo hesabu ya V na I inapolipa. Pima volti za soketi bila mzigo: tuseme 232. Washa birika, pima tena soketi hiyo hiyo: 221, na mkondo ni 8.5 A. Zimepotea 11 V njiani, na 11 ÷ 8.5 = 1.3 Ω. Wati zinazopotea ni 11 × 8.5 = 93.5 W.

Sasa uliza: waya peke yake ungepoteza kiasi gani? Shaba ina ukinzani wa 0.0172 Ω kwa kila mita moja ya waya wa mm² 1. Kebo ya mm² 2.5 yenye urefu wa mita 20, kwenda na kurudi mita 40, ni 0.0172 × 40 ÷ 2.5 = 0.275 Ω. Kwa 8.5 A ni 2.3 V. Zimebaki karibu 9 V ambazo waya wa nyumba hauna hatia nazo. Fundi apime kwenye meni swichi birika likiwa limewashwa. Volti za pale zikishuka nazo hadi 223, tatizo liko nje, kwenye waya wa kutoka nguzoni au maungio yake, na hilo ni la kuripoti kwa kampuni ya umeme. Zikibaki 231, anza kufungua soketi moja baada ya nyingine. Tafuta shaba iliyobadilika rangi.

Waya na fyuzi gani kwa wati ngapi?

Gawanya wati kwa volti upate ampea, kisha chagua. Kwa waya laini wa ekstensheni: mm² 0.75 hubeba 6 A, mm² 1.0 hubeba 10 A, mm² 1.5 hubeba 16 A. Birika la 2,000 W ni 8.7 A, basi ekstensheni ya mm² 0.75 haifai hata kama plagi yake imeandikwa 13 A. Ekstensheni iliyosokotwa kwenye gurudumu ikunjuliwe yote kabla ya mzigo mkubwa, maana joto la mizunguko ya ndani halina pa kutokea.

Plagi ya pini tatu: fyuzi ya 3 A kwa vifaa hadi kama 700 W, ya 13 A kwa vikubwa zaidi. Redio yenye fyuzi ya 13 A haina kinga ya maana. Hita ya kuogea ya 5,400 W ni zaidi ya 23 A, haichomekwi kwenye soketi kamwe, inahitaji njia yake kutoka kwenye breka.

Sola ya 12 V: taa za mwisho wa nyaya zina mwanga hafifu. Betri imechoka?

Pima kwanza. Mzigo wa 100 W kwa 12 V ni 8.3 A, ilhali kwa 230 V ungekuwa 0.43 A. Huo mkondo mkubwa ndio unaokula volti kwenye waya. Waya wa mm² 2.5, mita 10 kwenda na 10 kurudi: 0.0172 × 20 ÷ 2.5 = 0.138 Ω. Zinapotea 8.3 × 0.138 = 1.15 V, karibu asilimia 10 ya betri yote, na wati 9.5 zinapasha moto ukuta. Ukiweka mm² 6 ukinzani unakuwa 0.057 Ω na upotevu 0.48 V, asilimia 4.

Waya ule ule kwa 230 V ungepoteza 0.06 V. Kwa hiyo inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa 230 V, huwekwa karibu kabisa na betri, nyaya nene na fupi, na masafa marefu yaachiwe upande wa 230 V. Tunaona kinyume chake kila mara: inveta sebuleni, betri stoo, katikati mita sita za waya wa taa.

Rezista gani kwa LED moja kwenye gari?

Rezista ni kipande chenye omu maalumu cha kupunguza mkondo. LED nyeupe hutumia kama 3 V na mkondo wa 20 mA. Volti za kuingiza kwenye hesabu ni zile zinazobaki kwa rezista: 12 − 3 = 9 V. 9 ÷ 0.02 = 450 Ω, ya karibu madukani ni 470 Ω, yenye mistari ya rangi njano, zambarau, kahawia. Nguvu yake ni 9 × 9 ÷ 470 = 0.17 W, robo wati inatosha.

Mezani, ndiyo. Ndani ya gari injini ikiwashwa volti hupanda hadi kama 14.4. Rezista sasa ina 11.4 V: mkondo ni 24 mA na nguvu 0.28 W, imepita robo wati. LED inachoka, rezista inababuka. Tumia 680 Ω ya nusu wati: 16.8 mA, 0.19 W, na macho hayataona tofauti ya mwanga.

Friji inavuta 1.1 A kwa 230 V. Je, ni 253 W?

Hapana, hizo ni volti-ampea 253. Kwenye mota mkondo huchelewa nyuma ya volti, kwa hiyo wati ni V × I × kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya volti-ampea inayofanya kazi kweli. Kikiwa 0.6, friji inatumia 152 W. Koili ya jiko kipengele chake ni 1, ndiyo maana kule hukihitaji.

Usijaribu pia kupima omu za waya wa kompresa ukokotoe wati. Waya wa 15 Ω ungekupa 230 ÷ 15 = 15.3 A na 3,500 W, jambo ambalo halitokei mota ikizunguka, kwa sababu mota yenyewe huzalisha volti zinazopinga. Linakaribia kutokea pale inapoanza tu. Pampu ya hosipawa moja hutoa 746 W kwenye shafti. Kwa ufanisi wa asilimia 70 inameza 1,066 W, na kwa kipengele cha nguvu 0.8 mkondo ni 5.8 A. Kuianzisha huhitaji mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi. Anayenunua inveta ya 1,200 W kwa pampu hii atarudi dukani.

Nimeletewa birika kutoka Marekani, 120 V, 1,500 W. Nikilichomeka?

Omu zake ni 120 × 120 ÷ 1500 = 9.6. Kwa 230 V litavuta 24 A na kutoa 5,510 W. Fyuzi ya 13 A haikatiki papo hapo kwa mkondo huo, inaweza kuvumilia dakika kadhaa, na koili haitasubiri. Transfoma ya kulibeba iwe ya VA 2,000 hivi, na bei yake inanunua birika la hapa. Ukipeleka la 2,000 W la huku kwenye 120 V litatoa kama 544 W: halitaungua, ila chai itachelewa.

Mashine ya kusaga ya fezi tatu?

P = 1.732 × V × I × kipengele cha nguvu, ambapo V ni volti kati ya laini na laini, 400 kwa Tanzania, 415 kwa Kenya. Mota ya kW 15 yenye ufanisi wa asilimia 90 inameza kW 16.7. Kwa 400 V na kipengele 0.85, mkondo ni 16,700 ÷ (1.732 × 400 × 0.85) = 28 A kwa kila laini. Pima laini zote tatu mashine ikiwa na mzigo. Mbili zikisoma 40 na ya tatu sifuri, fezi moja imekatika. Zima mara moja, maana mota inaweza kuendelea kuzunguka huku inaungua.